Somo la Ufugaji: Dume Yupi Atatupa Nyama?



Somo la leo limetokana na ubishi. Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa cha wenzetu wa mashamba ya michikichi, upande wa Rumonge, kilichanga fedha mwezi baada ya mwezi ili kununua madume wawili, kuwanenepesha, na kuwauza wakati wa sikukuu. Fedha zilipotimia, umoja ukaingia ufa. Nusu ya wanakikundi walitaka Ankole, ng'ombe wa pembe ndefu waliyemjua tangu kwa babu zao. Nusu ya pili walimtaka chotara mweusi na mweupe, wakisema huyo anakua kama mgomba penye samadi. Kila upande ulikuwa na shahidi wake, na kila shahidi alikuwa na shemeji mwenye ng'ombe. Mwisho wakaleta swali kwetu.

Swali lenyewe ni zito. Fedha hiyo ni ya watu waliopanda michikichi kukata vichala na waliobeba magunia mgongoni. Dume akifa, au akila miezi minne bila kuongezeka, hakuna atakayewarudishia. Kwa hiyo tumeona vema tulieleze jambo hili kwa wote, maana vikundi vinavyofikiri hivyo ni vingi, na hata asiyefuga hununua nyama na hutaka kujua kwa nini ya wiki iliyopita ilikuwa laini na ya leo inashinda meno.

Kwanza tukubali kwamba sisi wa ukingo wa Tanganyika hatukuzaliwa wafugaji wa ng'ombe. Tumekuzwa na mukeke na ndagala. Ng'ombe walikuwa mali ya milimani, kwenye baridi ya Bututsi na Mugamba. Wafugaji wa huko waliwashusha Imbo wakati wa kiangazi kutafuta majani, na mvua zilipoanza wakawapandisha tena. Walikuwa na sababu. Huku chini, kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna joto, kuna kupe, na zamani mbung'o walikuwa wengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwaondoa hata watu katika sehemu nyingi za ukingo wa ziwa. Kwa hiyo anayetaka kunenepesha dume Rumonge anafanya kazi ambayo wazee walifanya kwa tahadhari. Inawezekana, lakini ina masharti yake.

ANKOLE NA ZEBU

Ankole ni wa jamii ya ng'ombe waitwao Sanga, ambao wataalamu wanasema ni mchanganyiko wa kale sana wa ng'ombe wasio na nundu wa Afrika na wale wenye nundu waliotoka Asia. Ndiyo sababu nundu yake ni ndogo na imekaa karibu na shingo. Jike mzima kwa kawaida ana kilo 300 hivi au kupita kidogo. Dume huzidi hapo, na akitunzwa vizuri hufika 500. Anakua polepole. Akiachwa kwenye majani matupu kama tulivyozoea, huchukua miaka minne au mitano kufikia uzito wa kuchinjwa. Sifa yake ni uvumilivu: hutembea mbali, hula majani makavu ambayo wengine huyakataa, na katika miezi ya shida hupungua kidogo bila kufa.

Zebu mdogo mwenye nundu ya begani, ambaye wenzetu wa Tanzania wanaye kwa mamilioni, ni mdogo zaidi. Jike wake ana kilo 200 hadi 250. Huyu ni mgumu kama jiwe mbele ya njaa na maradhi, lakini ukimpa chakula kizuri hufika upesi mahali pa kusimama. Mwili wake hauna nafasi ya kuweka nyama nyingi.

Wapo wanaosema ng'ombe wetu ni wadogo kwa sababu hatujui kufuga. Hilo si kweli, au ni nusu ya kweli. Walichaguliwa na njaa, kupe na sotoka kwa karne nyingi. Sotoka ya miaka ya 1890 peke yake iliua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na waliobaki ndio mababu wa hawa tulio nao. Mnyama aliyepita katika mtihani huo hakuchaguliwa kwa ajili ya paja nene. Alichaguliwa kwa kuishi.

BORAN NA WA ULAYA

Boran asili yake ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia. Wenye mashamba makubwa ya Kenya walimchukua na kumboresha tangu miaka ya 1920, wakichagua madume wanaokua upesi, na mwaka 1951 wakaunda chama cha kumsimamia. Ni zebu, ana nundu na ngozi ya kulegea, anavumilia joto, lakini ni mkubwa: jike huwa na kilo 350 hadi 450, na dume hupita 500 kwa mbali. Katika Afrika Mashariki huyu ndiye anayestahili zaidi jina la ng'ombe wa nyama. Tanzania wanaye katika ranchi ya Kongwa, mahali pale pale ambapo Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili walitaka kulima karanga kwa matrekta wakashindwa vibaya. Ardhi iliyowakatalia karanga ikawakubali ng'ombe. Hapo Tanzania pia, katika kituo cha Mpwapwa, wataalamu walichanganya damu ya zebu wa huko, Boran, Ankole, Ayrshire, na wale wa Asia waitwao Sahiwal na Sindhi Mwekundu, wakapata ng'ombe anayeitwa Mpwapwa, wa maziwa na nyama kwa pamoja.

Wa Ulaya tuwapitie haraka, maana hapa Rumonge tutawaona kwenye picha tu. Angus wa Uskoti hunenepa mapema na mafuta yake huingia katikati ya mnofu kama mistari ya marumaru. Nyama yake ni laini na inalipwa bei kubwa duniani. Charolais wa Ufaransa ana mifupa mikubwa na mnofu mwingi usio na mafuta, dume wake hupita kilo 1,000. Ubelgiji wana ng'ombe wa buluu na mweupe ambaye misuli yake imevimba kana kwamba ameazima ya ng'ombe wa pili. Sababu ni hitilafu ya kurithi katika kile kinachoiwekea misuli mpaka wa kukua. Nyama yake ni nyingi na haina mafuta, lakini jike wake kwa kawaida hawezi kuzaa mwenyewe. Daktari humpasua tumbo. Hebu fikiri jambo hilo saa nane usiku Nyanza-Lac, mvua ikinyesha.

CHOTARA WETU ALITOKA WAPI

Mahwa, huko Bututsi, kituo cha ISABU kilichanganya Ankole na Sahiwal, ng'ombe wa Punjab, na pia na Ayrshire wa Uskoti. Nia kubwa ilikuwa maziwa. Baadaye vita vilivyoanza mwaka 1993 vilimaliza mifugo mingi nchini, na amani iliporudi miradi ikaanza kugawa ng'ombe walioboreshwa kwa njia ya mnyororo: aliyepewa jike, ndama wake jike wa kwanza anampa jirani. Wengi wa ng'ombe hao walikuwa na damu ya Friesian. Jike akizaa jike, furaha. Akizaa dume, basi huyo dume ndiye anayepelekwa sokoni.

Hapo ndipo tuelewe vizuri ubishi wa wenzetu. Chotara mweusi na mweupe wanayemtaka hakuzaliwa kwa ajili ya nyama. Ni kaka wa ng'ombe wa maziwa. Ana mifupa mirefu, tumbo kubwa na njaa kubwa. Hata hivyo anakua. Nchini Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliwaweka pamoja Ankole halisi, chotara wa Ankole na Boran, na chotara wa Ankole na Friesian, wakawalisha ili wanenepe. Chotara wote walikua upesi kuliko Ankole halisi. Waliomtaka chotara wasishangilie bado: ng'ombe hao walikuwa wanalishwa. Chakula kililetwa mbele yao, na si majani ya kando ya barabara peke yake.

Damu ya kukua upesi ni kama mashine kubwa ya kukamulia mawese. Ukiiletea vichala, inakamua kuliko mashine ndogo. Usipoiletea, inakula mafuta ya bure ikizunguka. Mwili mkubwa unahitaji chakula kingi kwa ajili ya kuishi tu, kabla haujaongeza hata gramu moja. Kwa hiyo katika zizi lenye njaa, chotara wa Friesian hupungua huku Ankole akisimama palepale. Tena kula sana huleta joto mwilini, na chotara mwenye damu nyingi ya Ulaya, ambaye kule juu Bututsi anapumua vizuri, huku Imbo hushinda ametoa ulimi. Nusu ya damu ya Ulaya inatosha kabisa kwa ukingo wa ziwa, na robo ni salama zaidi.

Kuna jambo jingine jipya la kuzingatia. Sheria ya Oktoba 2018 iliagiza mifugo yote Burundi ifugwe zizini bila kuachwa kuzurura, na muda wa miaka mitatu wa kujitayarisha ulikwisha Oktoba 2021. Jambo hili limegeuza hesabu ya Ankole. Sifa yake ya kutembea mbali na kujitafutia haina kazi tena anapofungwa kwenye nguzo, na zile pembe zake zinahitaji nafasi ya ng'ombe wawili katika zizi dogo la nyuma ya nyumba. Lakini uwezo wake wa kuishi kwa majani hafifu bado unabaki, na kupe wa Imbo hawajasoma sheria hiyo.

HESABU YA KIKUNDI

Sasa tufanye hesabu kama tunavyofanya hesabu ya mshahara. Hizi ni namba za mfano, kila kikundi kitaweka za kwake.

Tuseme tuna Ankole mmoja na chotara mmoja, kila mmoja ana kilo 200. Tunawalisha siku 100. Kila siku kila mmoja anapata majani ya kutosha na kilo 3 za mashudu. Ankole anaongeza gramu 400 kwa siku, chotara gramu 700. Mwisho wa siku 100 Ankole ana kilo 240, chotara ana kilo 270. Mashudu yaliyoliwa na kila mmoja ni kilo 300. Basi kwa Ankole, kila kilo moja iliyoongezeka imetugharimu mashudu kilo saba na nusu. Kwa chotara ni kilo nne na kidogo. Kama mashudu tunayanunua, chotara amemshinda mwenzake mbali.

Lakini tuondoe mashudu. Majani peke yake, na ya kiangazi. Ankole anaongeza gramu 150 kwa siku, ambazo ni kilo 15 kwa siku 100. Chotara anasimama palepale, au anapungua. Sasa aliyenunua chotara amelipa bei kubwa zaidi mwanzoni na hana kitu.

Tukumbuke pia kwamba mchinjaji hauzi kwato, ngozi na utumbo kwa bei ya mnofu. Nusu tu ya uzito wa ng'ombe mzima ndiyo inayoning'inia kwenye ndoana. Ng'ombe wa kilo 240 atatoa kilo 120 hivi, mifupa ikiwemo. Chotara wa maziwa mara nyingi hupungukiwa kidogo na nusu hiyo, kwa sababu tumbo lake ni kubwa. Boran aliyenona huipita.

Mashudu yatatoka wapi? Hapa wafanyakazi wa Rumonge tuna bahati ambayo wafugaji wa milimani hawana. Mise ikikamuliwa mafuta, yanabaki mashudu yenye protini ya asilimia 14 hadi 18. Nchi ya Malaysia imenenepesha ng'ombe kwa mashudu hayo kwa miaka mingi. Yana nyuzi nyingi na ladha ya ukavu, kwa hiyo ng'ombe huyakataa siku za kwanza. Tuanze na nusu kilo, tuyaloweshe kidogo, tuongeze polepole kwa wiki mbili. Wenye kondoo wawe waangalifu: mashudu ya mise yana shaba ambayo ng'ombe huivumilia, lakini kondoo akiyala kwa wingi humdhuru ini hata kumuua. Wenzetu wa viwandani Bujumbura nao wanajua machicha ya kiwanda cha bia, na wa Moso wanajua molasi ya kiwanda cha sukari cha SOSUMO. Mabaki ya kazi zetu ni chakula cha ng'ombe, na wanaoyatumia zaidi mpaka sasa ni wale wenye magari ya kuyabeba.

Majani nayo yasidharauliwe. Dume wa kilo 200 anahitaji kila siku kiasi cha kilo 25 za majani mabichi ya tembo kama hapati kitu kingine, pamoja na maji lita 30 hadi 40 katika joto letu, na chumvi. Mtu wa kukata majani hayo kila siku, hata Jumapili, hata siku ya zamu ya usiku, ni nani? Kikundi kijibu swali hilo kwa jina la mtu kabla hakijajibu swali la Ankole au chotara.

ULAINI WA NYAMA HAUTOKI KWENYE PEMBE

Watu husema nyama ya Ankole ni tamu, ya chotara ni maji. Wengine husema kinyume. Yako mambo yaliyothibitishwa. Kituo cha Clay Center, jimbo la Nebraska huko Marekani, kilianza mwaka 1969 kazi kubwa ya kulinganisha aina za ng'ombe wa nyama. Kiliona kwamba chotara wa ng'ombe wenye nundu, Brahman na huyu Sahiwal tunayemjua, walitoa nyama ngumu kuliko chotara wa Angus na Hereford. Sababu ni hii: baada ya kuchinjwa, ndani ya mnofu kuna kitu cha asili kinachokatakata nyuzi na kulainisha nyama, na kuna kingine kinachokizuia. Zebu ana kizuizi kingi zaidi. Sanga hayuko hivyo. Kule Afrika Kusini, Sanga kama Nguni ameonyesha nyama laini inayokaribia ya ng'ombe wa Ulaya. Ankole wetu ni Sanga. Kwa hiyo wazee waliosifu nyama yake hawakuwa wanajisifu tu.

Lakini tuseme wazi: nyama tunayonunua asubuhi kando ya barabara, tofauti hiyo ya aina hatuionji sana, kwa sababu mambo mengine matatu yameizidi nguvu.

La kwanza ni umri. Kadiri ng'ombe anavyozeeka, kamba zinazofunga nyuzi za mnofu hukaza na kukataa kuyeyuka chunguni. Ng'ombe wengi wanaochinjwa kwetu ni majike yaliyokwisha kazi ya kuzaa, au madume ya miaka sita na saba. Mtoto wa Angus wa miaka kumi angekuwa mgumu vilevile.

La pili ni safari. Ng'ombe aliyeshushwa kutoka milimani kwa miguu, akapigwa fimbo, akalala bila maji, akachinjwa alfajiri, amekwisha tumia sukari yote iliyokuwa imehifadhiwa katika misuli. Sukari hiyo ndiyo inayogeuka kuwa asidi baada ya kuchinjwa na kuipa nyama rangi nyekundu safi. Isipokuwepo, nyama huwa nyeusi, yenye kunata, na huoza upesi. Mpeni mnyama maji na mapumziko ya siku nzima kabla ya kisu. Hilo halina gharama.

La tatu ni haraka yetu. Ng'ombe huchinjwa saa kumi na moja, saa mbili ameisha. Nyama hiyo iko katika ule ugumu wa mauti ambao huchukua siku nzima au zaidi kulegea. Nchi zenye majumba ya baridi huitundika siku 7 hadi 14, na hapo ndipo Angus anapata sifa zake zote. Sisi hatuna baridi hiyo, na katika joto la Rumonge kuitundika nje ni kuwalisha inzi. Kwa hiyo tupike polepole, kwa muda mrefu, na mama wa nyumba asilaumiwe.

Kuhusu kuhasi: maksai huweka mafuta mapema na nyama yake ni laini zaidi; dume asiyehasiwa huongeza kilo upesi zaidi. Kwa kunenepesha siku 100 mnyama aliye chini ya miaka mitatu, hatuoni haja ya kumhasi, ila kama ni mkorofi.

KUCHAGUA SOKONI

Fungueni mdomo wa mnyama. Meno ya mbele ya chini ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Jozi ya kwanza ya meno makubwa huota akiwa na miaka miwili hivi, ya pili karibu na mitatu, ya tatu baada ya hapo, na akiwa na jozi nne amefika miaka minne au amepita. Mnyama wa jozi moja au mbili ndiye wa kununua. Ana mifupa iliyokwisha kukua, na bado ana nafasi ya mnofu.

Tafuteni aliyekonda kwa njaa, si kwa ugonjwa. Aliyekonda kwa njaa macho yake ni angavu, pua ina unyevu, anakimbilia majani. Akipata chakula hulipa deni la kiangazi kwa haraka ya ajabu. Hao hupatikana kwa bei nzuri Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaleta majani. Aliyekonda kwa ugonjwa ana manyoya yaliyosimama, anakohoa au anaharisha, na bei yake nzuri ni mtego.

Pimeni kwa kamba ya fundi cherehani, msikubali kukadiriwa kwa macho. Zungusheni kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Kisha pimeni urefu toka begani hadi kwenye mfupa wa makalio. Zidisheni mzunguko kwa mzunguko, tena kwa urefu, kisha gawanyeni kwa 10,840. Mzunguko sentimita 140 na urefu sentimita 120 unatoa kilo 217. Si mizani, lakini inamtosha mfanyabiashara aliyesema 280. Na mjihadhari na tumbo lililojaa maji: wapo wanaolisha chumvi asubuhi ya soko.

Neno la mwisho la kuchagua ni kupe. Ugonjwa wa ndigana kali, unaoletwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni, huua chotara aliyetoka milimani ndani ya wiki chache baada ya kufika Imbo. Tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega huvimba, homa hupanda, na mwisho hupumua kwa shida kwa maji yaliyojaa mapafuni. Dawa ipo, lakini inaponya anayewahiwa siku za mwanzo. Chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970 nayo ipo. Mwulizeni daktari wa mifugo kama inapatikana kwenu. Kwa hali yoyote, chotara aliyezaliwa na kukulia Imbo ana thamani kuliko mzuri zaidi yake aliyeshushwa jana. Na mkumbuke mwaka 2022, homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, usafirishaji wa mifugo ulisimamishwa, na waliokuwa na madume tayari kwa soko waliendelea kuwalisha wakisubiri. Kikundi kiweke akiba ya mwezi mmoja wa mashudu kwa siku kama hizo.

Basi tuliwajibu wenzetu hivi. Kama mna mashudu ya uhakika kwa siku 100, maji karibu, na mtu wa majani kila siku, nunueni chotara wawili waliokulia Imbo, wasizidi nusu ya damu ya Ulaya, wenye jozi moja ya meno. Kama mna majani tu, nunueni Ankole wawili waliokonda, na msitegemee kuuza mapema. Mmoja kati yao aliuliza kama wanaweza kununua mmoja wa kila aina ili ubishi uishe. Tukamwambia waweza, ila chakula kipimwe kwa kila mmoja peke yake, maana chotara atamaliza chake na cha mwenzake, halafu mtasema Ankole hakui.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya kujisomea:

Karibu na kazi yenu kuna mabaki gani ya kiwanda au ya shamba yanayotupwa au kuuzwa rahisi, na nani anaruhusu yachukuliwe? Mashudu ya mise kilo 3 kwa siku kwa madume wawili kwa siku 100 ni magunia mangapi, na yatahifadhiwa wapi yasipate unyevu? Dume mwenye mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 125 ana kilo ngapi? Na kama dume akifa siku ya arobaini, hasara itagawanywaje kati ya aliyechanga faranga nyingi na aliyechanga chache? Swali hili la mwisho liandikwe jibu lake kwenye daftari la kikundi, na kila mmoja atie sahihi au dole gumba, kabla ya kwenda sokoni.